UZI: Yoshitsune, samurai aliyeshinda kila vita kisha akaangushwa na kaka yake

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Wakuu, salaam.

Nimekuwa na hamu ya kuandika kuhusu mtu huyu kwa muda mrefu, na leo nimepata nafasi. Anaitwa Minamoto no Yoshitsune. Alizaliwa 1159, akafa 1189. Hakuna mtoto wa Japani asiyejua jina lake, lakini vita vyake vyote vikubwa vilichukua kama miezi kumi na tano tu. Mengine yote ni kukimbia: alikimbizwa akiwa mchanga mikononi mwa mama yake, na akawa anakimbia tena alipofikwa na mauti.

Nitaweka kipande kwa kipande. Mwenye swali aulize humu humu.

Naanza na kisa kidogo ambacho wasimulizi wengi wanakiruka, ilhali mimi naona ndicho kinachofungua mambo yote. Ni mwaka 1181, mji wa Kamakura, mashariki mwa Japani. Kaka yake Yoshitsune, Yoritomo, anajenga hekalu la Tsurugaoka, hekalu la mungu mlinzi wa ukoo wao. Siku ya kupandisha mti wa paa, fundi mkuu anatakiwa kuzawadiwa farasi. Yoritomo anamgeukia mdogo wake, anamwambia ashike hatamu amwongoze farasi huyo hadi kwa fundi.

Yoshitsune anasita. Anatoa udhuru kwamba hakuna mtu wa hadhi ya kufaa kushika upande wa pili. Yoritomo anakasirika pale pale mbele za watu. Anawataja kwa majina mashujaa waliopo na wanaofaa, kisha anamwambia wazi kuwa anasita kwa sababu anaiona kazi hiyo ni ya chini. Yoshitsune anaingiwa na hofu, anainuka, anakamata hatamu.

Hilo limeandikwa kwenye Azuma Kagami, kumbukumbu za serikali ya Kamakura yenyewe. Kaka alikuwa anatafuta mtumishi. Mdogo alidhani ameitwa kwa sababu ni ndugu. Shikeni hapo, tutarudi.

Bint Kisauni:

Mkuu umeanza vizuri sana. Kabla hujaendelea, hawa Minamoto walikuwa kabila au ukoo? Na walikuwa wanapigana na nani?

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Ukoo, dada. Zamani wafalme wa Japani walikuwa na watoto wengi kupita kiasi, wengine wakatolewa katika nyumba ya kifalme na kupewa jina la ukoo. Minamoto ni jina mojawapo, Taira ni jingine. Vizazi vilivyofuata vikawa watu wa upinde na farasi, wakilinda mashamba ya wakubwa na kupigana kwa niaba yao, mpaka wakubwa wenyewe wakaanza kuwaogopa.

Mwishoni mwa 1159 baba yake Yoshitsune, Yoshitomo, alishiriki jaribio la kutwaa madaraka Kyoto, mji mkuu wa wakati huo. Akashindwa na Taira no Kiyomori. Akatoroka kuelekea mashariki, akapumzika nyumbani kwa mtu wake wa karibu, na mtu huyo ndiye aliyemsaliti. Masimulizi yanasema alishambuliwa akiwa anaoga, hana hata kisu mkononi.

Akaacha watoto. Yoritomo alikuwa wa mke mwenye nasaba, ana miaka kumi na mbili au kumi na tatu hivi. Yoshitsune alikuwa mtoto wa Tokiwa, mwanamke mzuri aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya malkia. Picha za zamani humchora Tokiwa akitembea kwenye theluji, mkubwa akishika nguo yake, wa pili ubavuni, na kichanga Yoshitsune amefichwa kifuani ndani ya vazi. Mwishowe alijisalimisha kwa Kiyomori, na watoto wakasamehewa kifo. Yoritomo akapelekwa uhamishoni Izu. Yoshitsune akapelekwa hekalu la Kurama, milimani kaskazini mwa Kyoto, awe mtawa asiyezaa na asiyelipa kisasi.

Huruma ile iliwagharimu Taira ukoo mzima.

Hapa ndipo hadithi zinapoanza kuota. Inasimuliwa kwamba usiku kijana alitoroka kitandani, akaenda bondeni ambako tengu, majini wa milimani wenye pua ndefu, walimfundisha upanga. Mkuu wao anaitwa Sojobo. Hadi leo anayepanda mlima Kurama huonyeshwa mahali ambapo mizizi ya miti imetambaa juu ya ardhi kama mishipa ya mkono wa mzee, na kuambiwa hapo ndipo kijana alijifunza kuruka. Mimi nimewaza kuwa wasimulizi walikuwa na swali la kweli la kujibu: mtoto aliyelelewa na watawa alijulia wapi vita? Hakuna aliyekuwa na jibu, basi wakayatafuta majini.

Akiwa na miaka kama kumi na mitano aliacha Kurama, akaenda kaskazini kabisa, Hiraizumi, kwa bwana mmoja tajiri wa dhahabu na farasi, Fujiwara no Hidehira. Hidehira akampokea kama mwanawe. Hiraizumi hapakuwa pori. Palikuwa na ukumbi uliopakwa dhahabu ndani na nje, uliojengwa 1124, na ukumbi huo upo hadi leo.

Fundi Selemala:

Mzee na yule Benkei? Nimewahi kusikia walipigana darajani, Benkei akitafuta panga la elfu moja.

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Ndiyo, mkuu. Benkei, mtawa jitu, aliapa kukusanya panga elfu moja kwa kuwanyang'anya wapita njia Kyoto. Alipofikisha 999 akamwona kijana mwembamba akija anapuliza filimbi, upanga mzuri kiunoni. Kila alipopiga alikata hewa, kijana yuko juu ya ukingo wa daraja. Akashindwa, akapiga magoti, akawa mtu wake hadi kifo.

Katika masimulizi ya zamani zaidi, hata hivyo, hawakupigana darajani. Walikutana karibu na mahekalu. Daraja la Gojo liliingia baadaye likakaa. Na katika Azuma Kagami Benkei ametajwa kwa jina tu, mmoja wa wachache waliobaki na bwana wake siku za kukimbia. Kwamba mtu kama huyo alikuwepo naliamini. Mengine amejengewa na watu waliompenda.

Sasa vita. Mwaka 1180 Yoritomo aliinuka dhidi ya Taira kule Izu. Yoshitsune akasikia, akapanda farasi kutoka Hiraizumi na watu wachache. Ndugu wawili ambao hawakuwa na kumbukumbu ya sura ya mwenzake walikutana kando ya mto Kise wakalia. Miezi tisa baadaye ndipo pakatokea lile la farasi.

Mwanzoni mwa 1184 Yoritomo alimtuma pamoja na kaka yao mwingine, Noriyori. Wakamwondoa kwanza binamu yao Yoshinaka aliyekuwa ameikalia Kyoto, kisha wakawageukia Taira waliojichimbia Ichi-no-Tani, sehemu ambayo leo iko ndani ya mji wa Kobe. Mbele bahari, nyuma genge la mlima, na milango miwili tu, mashariki na magharibi.

Masimulizi ya Heike, kitabu cha kale kinachosimulia vita hivi, yanasema Yoshitsune alichukua wapanda farasi wake akapita mlimani. Akamuuliza kijana wa mwindaji kama kuna njia. Kijana akasema hapana, paa tu ndio wanateremka. Yoshitsune akajibu: paa ana miguu minne, farasi naye ana miguu minne. Wakasukuma farasi wenye matandiko bila wapandaji. Wengine walivunjika miguu wakabingirika. Watatu wakafika chini wakasimama wanatetemeka. Akasema hiyo inatosha, akatangulia yeye. Wa nyuma walifumba macho, vikuku vya matandiko vikigonga kofia za waliokuwa mbele.

Wanahistoria wanabishana hapa, na nafikiri wana haki. Mahali panapoitwa Hiyodorigoe, ambapo inasemwa ndipo alipoteremkia, pako kilomita kadhaa kutoka Ichi-no-Tani. Mheshimiwa mmoja wa Kyoto, Kujo Kanezane, aliyeandika shajara siku zile zile, anasema wa kwanza kuvunja upande wa mlimani alikuwa Tada Yukitsuna. Na yule Hatakeyama Shigetada anayechorwa akimbeba farasi wake mgongoni kuteremka genge, orodha ya majeshi inamweka upande mwingine kabisa, kwa Noriyori. Lakini Taira walishindwa siku hiyo, walikimbilia meli, na waliovamiwa walivamiwa kutoka mahali walipodhani hapapitiki. Hilo lina uzito wake.

Nahodha Mstaafu:

Naomba utueleze upande wa baharini, maana nimesoma kuwa vita ya mwisho ilikuwa ya mashua.

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Nahodha, hapa utafurahi.

Mwaka 1185 Taira walikuwa Yashima, kisiwa cha Shikoku. Kabla ya kuvuka, afisa wa Yoritomo aitwaye Kajiwara Kagetoki alishauri wafunge makasia ya ziada kwenye omo, ili mashua iweze kurudi nyuma kwa urahisi mambo yakiharibika. Yoshitsune akasema mbele ya wote kuwa hajaona vita inayoanza kwa kupanga kukimbia. Kajiwara akamwambia mpiganaji asiyejua kurudi nyuma ni nguruwe mwitu. Watu wakacheka, na kicheko kile Kajiwara hakukisamehe.

Usiku ule upepo ulikuwa wa kung'oa miti, lakini ulikuwa unavuma kuelekea anakotaka kwenda. Mabaharia wakakataa. Yoshitsune akaamuru wapigwe mishale wasipotweka tanga. Mashua tano tu zilikwenda, wapanda farasi 150. Safari ya siku tatu, inasemwa waliimaliza kwa saa sita. Wakashuka mbali na adui, wakazunguka nchi kavu, wakachoma nyumba za kijiji moshi uwe mkubwa. Taira waliokuwa wanaangalia baharini wakadhani limekuja jeshi zima, wakarukia mashua zao.

Jioni ya siku hiyo ndiyo ile ya Nasu no Yoichi. Taira walitoa mashua moja yenye mwanamke, na pepeo jekundu lenye duara la jua limefungwa juu ya mti, kama kuwaambia: lipige kama unaweza. Kijana Yoichi akaingia na farasi majini, mashua ikipanda na kushuka, akasali, akaachia mshale. Pepeo likaruka hewani likaanguka mawimbini. Pande zote mbili wakashangilia, wale wa mashua wakigonga mbao, wale wa nchi kavu wakipiga podo zao.

Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni upinde wa Yoshitsune mwenyewe. Katika mapigano ya majini ulimponyoka ukaelea. Akainama kutoka juu ya farasi akiuvuta kwa fimbo, huku Taira wakimnasia kofia kwa kulabu, na watu wake wakipiga kelele auache. Akaupata, akarudi. Wazee wakamgombeza: upinde hata uwe wa thamani gani, unafananaje na maisha yako? Akajibu kwamba si thamani. Kama ungekuwa upinde mzito wa kuvutwa na watu wawili watatu, kama wa ami yake Tametomo, angeuangusha makusudi waokote. Wake ulikuwa mwepesi. Hakutaka wauinue wacheke kuwa huu ndio upinde wa jemadari wa Minamoto.

Alikuwa mtu mdogo wa mwili, wakuu. Masimulizi hayo hayo yanamweleza, kwa mdomo wa adui, kuwa mweupe, mfupi, meno ya mbele yametokeza. Huyo kijana mzuri wa kwenye maigizo alikuja karne nyingi baadaye.

Mwezi mmoja na kidogo baada ya hapo, Dan-no-ura, mlango wa bahari kati ya Honshu na Kyushu, maji yanakimbia kama mto. Wengi husimulia kuwa mkondo uliwabeba Taira asubuhi, ukawageuka mchana. Kamanda mmoja wao akahamia upande wa pili akataja meli ipi imembeba mfalme. Mfalme huyo, Antoku, alikuwa mtoto wa miaka sita. Bibi yake alimkumbatia, akamwambia hata chini ya mawimbi kuna mji mkuu, wakaingia majini pamoja. Upanga mtakatifu wa wafalme ulizama na haukuonekana tena. Wavuvi wa huko wana kaa wenye gamba linalofanana na uso uliokunjamana kwa hasira, na husema ni roho za Taira.

Bint Kisauni:

Nimesisimka. Sasa baada ya kushinda yote hayo, kosa lake nini kwa kaka yake?

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Kosa lake lilikuwa limeshatendeka mwaka mmoja nyuma. Baada ya Ichi-no-Tani, mfalme mstaafu Go-Shirakawa alimpa cheo cha afisa wa ulinzi wa mji, Hogan, naye akakipokea bila idhini ya Kamakura. Sisi tungeona ni heshima kwa familia. Yoritomo aliona hatari. Alikuwa anajenga kitu kipya, serikali ya watu wa vita ambamo ardhi na cheo vinatoka mkono mmoja tu, wake. Mdogo wake akipewa na mfalme, kesho kila mpiganaji ataenda kuomba kwa mfalme. Na barua za Kajiwara za kulalamika zilishafika.

Nikisema ukweli wangu, namwelewa Yoritomo na bado sijaweza kumpenda.

Yoshitsune alisafiri kwenda Kamakura akiwa na wafungwa wakuu wa Taira. Akasimamishwa Koshigoe, kijiji cha pwani mlangoni mwa mji. Wafungwa wakaingia. Yeye akazuiwa. Akakaa hapo wiki kama tatu akisikiliza bahari, akaandika barua. Ndani yake anaeleza alivyokuwa yatima kifuani mwa mama, alivyojificha vijijini akitumikia wakulima, alivyopanda magenge na kuvuka dhoruba ili roho ya baba ipumzike. Kwamba hajui kosa lake. Hakujibiwa.

Akarudi Kyoto. Vuli ile wakaja watu usiku kumuua nyumbani kwake, akawashinda. Akapata amri ya mfalme mstaafu dhidi ya kaka yake, lakini hakuna jeshi lililomfuata. Dhoruba, ambayo Yashima ilikuwa rafiki yake, safari hii ilivunja mashua zake. Akapotelea milima ya Yoshino katika theluji, pamoja naye mchezaji ngoma Shizuka, mpenzi wake, mjamzito. Wanawake hawakuruhusiwa kwenye mlima ule mtakatifu. Akamrudisha na watu wa kumsindikiza na vitu vya thamani. Wasindikizaji wakamwibia wakamwacha peke yake kwenye theluji.

Shizuka alikamatwa, akapelekwa Kamakura. Mwezi wa nne wa 1186 akaamriwa acheze mbele ya Yoritomo, kwenye hekalu lile lile la Tsurugaoka, pale mumewe alipoongoza farasi. Alikataa mara nyingi, mwisho akasimama. Mashujaa wa Kamakura wenyewe walimpigia ngoma na matoazi. Na mbele ya yule mtu, akaimba kuwa anatamani nyayo za aliyekwenda ndani ya theluji nyeupe ya Yoshino.

Yoritomo akawaka. Aliyemtuliza ni mkewe, Masako. Alimkumbusha siku alizokuwa uhamishoni, na yeye Masako akakimbia nyumbani kwa baba yake gizani na mvua ikinyesha ili amfuate. Akasema mwanamke ambaye angemsahau mtu wake sasa hivi asingekuwa na thamani. Yoritomo akavua vazi akalitoa kama zawadi.

Miezi michache baadaye Shizuka akajifungua. Amri ilikuwa kwamba akiwa wa kike ataishi. Alikuwa wa kiume. Mama alimng'ang'ania mtoto kwa saa nyingi, hadi mama yake mzazi alipomchukua kwa nguvu akamkabidhi. Masako aliomba, hakusikilizwa. Mtoto akatupwa ufuoni Yuigahama. Shizuka aliondoka kurudi Kyoto, na kumbukumbu hazimtaji tena.

Fundi Selemala:

Daah. Nimeacha randa chini. Malizia mkuu.

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Yoshitsune na wenzake walielekea kaskazini wamevaa kama watawa wa milimani. Kituo cha Ataka mlinzi aitwaye Togashi akawashuku, akasema kama kweli mnachangisha fedha za hekalu someni orodha ya michango. Benkei akafungua karatasi tupu akaisoma kwa sauti kuu, maneno yakitoka kichwani. Kisha mmoja akasema mbeba mizigo yule anafanana na Yoshitsune. Benkei akachukua fimbo akampiga bwana wake mbele ya walinzi, kwa kuwa hakuna mtumishi anayeweza kumpiga bwana wake. Katika maigizo, Togashi anajua kila kitu na anawaacha wapite. Hiyo ni hadithi, lakini watu wa Japani wameililia kwa karne nyingi na mimi nimo.

Wakafika Hiraizumi 1187. Hidehira akampokea tena, kisha akafa mwaka huo huo, akiwausia wanawe wamfuate Yoshitsune kama jemadari. Mwanawe Yasuhira alibanwa na barua za Kamakura zikija moja baada ya nyingine. Juni 1189 akalituma jeshi lake kwenye nyumba ya Koromogawa. Yoshitsune akaingia chumba cha kusalia, akamuua mkewe na binti yao wa miaka minne, akajiua.

Mlangoni alisimama Benkei. Inasimuliwa kuwa mishale ilimjaa mwilini naye hakuanguka, upanga wake mrefu umeegemea chini. Hakuna aliyethubutu kusogea, mpaka mpanda farasi alipopita karibu na upepo wake ukamwangusha. Alikuwa ameshakufa zamani.

Mkisoma hapo mnajua nilimkumbuka nani. Liyongo, amechomwa sindano ya shaba kitovuni, amepiga goti kisimani upinde umevutwa, na mji mzima unashindwa kuteka maji kwa kudhani yu hai.

Nahodha Mstaafu:

Umenitoa machozi. Lakini kuna wanaosema hakufa, alivuka bahari akawa Genghis Khan. Kuna ukweli?

Mlinzi wa Kumbukumbu:

Hakuna, Nahodha. Wamongolia wanamjua Temujin, ndiye Genghis Khan mwenyewe, na wanamjua baba yake, mama yake na wake zake. Dai hilo lilipata nguvu pale Suematsu Kencho alipolichapisha London 1879, kisha kitabu cha Oyabe Zen'ichiro cha 1924 kikauzika sana, wakati Japani ilikuwa inaitazama bara ya Asia kwa macho ya kutaka.

Lingine ni la Hokkaido, kwamba alivukia kwa Waainu. Mjini Biratori kuna hekalu lenye jina lake. Hilo linaniuma kidogo, maana Waainu walikuwa na shujaa wao Okikurumi, na wageni wakaja kuwaambia kuwa huyo ni Yoshitsune wetu.

Chanzo cha minong'ono hii nadhani ni kichwa chake. Kilisafirishwa kutoka Hiraizumi ndani ya pombe ya mchele, siku zaidi ya arobaini, katika joto la kiangazi. Waliotumwa kukikagua ni Wada Yoshimori na, ndiyo, Kajiwara Kagetoki. Nani angeutambua uso baada ya muda huo?

Na ukaguzi ulifanyika Koshigoe. Pale pale alipoandikia barua. Hata kichwa hakikuingia Kamakura.

Wenyeji wa Fujisawa, jirani na hapo, wanasema kilitupwa pwani kikapanda mto na maji kujaa, wakakiokota. Wana hekalu, na karibu yake kisima kidogo ambacho wanasema ndicho walichokioshea.